Kantri ya simanzi na fidla zake

Wapo wapenzi wa kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, ambao ukiwatajia fidla nyingi nyuma ya mwimbaji wanakunja uso. Kwao kantri ni gitaa, banjo, stili gitaa na sauti ya mtu aliyelelewa shambani. Okestra, wanasema, ni sukari iliyomwagwa na wakubwa wa Nashville, mji wenye studio za kantri, ili wauze santuri kwa watu wa mjini. Kwa upande wa biashara hawajakosea. Rokenroli ilipovuma katikati ya miaka ya 1950, kantri ilipoteza vijana kwa wingi, na watayarishaji kama Owen Bradley na Chet Atkins wakaamua kuipunguzia ukali: fidla ya kijijini ikatoka, fidla za okestra na waitikiaji wa sauti laini wakaingia. Inasimuliwa kwamba Atkins alipoulizwa ladha hiyo ya Nashville ni kitu gani hasa, alichezesha sarafu mfukoni mwake.

Sawa, pesa zilikuwapo. Lakini mimi nazipenda nyimbo hizi kwa sababu ya fidla zenyewe, na leo nataka kuwausia baadhi yake nikieleza kinachonivuta. Katika zile zilizo bora, mwimbaji hujizuia. Anaimba kama mfiwa anayepokea wageni: ameshanawa uso, anawauliza kama mmepata chai. Kilio wameachiwa wapiga fidla. Mwimbaji wa aina hii akianza kulia pamoja nao, wimbo unaharibika papo hapo, na zipo nyingi zilizoharibika hivyo.

Anzeni na Patsy Cline. Wengi wanamjua kwa wimbo wa “Crazy” wa mwaka 1961, ambao aliuandika Willie Nelson, na ni wimbo mkubwa kweli. Ila kwa haja yetu tafuteni alizorekodi Februari 1963 chini ya Owen Bradley, “Sweet Dreams” na “Faded Love”. Huo wa pili ni wimbo wa zamani wa Bob Wills, wa kuchezwa dansi, na katika mikono ya Bradley umepunguzwa mwendo mpaka kila neno linabeba uzito wake. Fidla zinatanda taratibu nyuma, na Patsy anaimba wima, bila kuyumba, tangu mwanzo. Halafu, kabla tu ya neno la mwisho, anavuta pumzi. Inasikika wazi kwenye rekodi, pumzi ya mtu aliyebanwa kifua, na hawakuifuta. Vaeni spika za masikioni mnapofika hapo. Machi 5 mwaka huohuo ndege aliyopanda ilianguka Tennessee akafariki, akiwa na miaka 30. Ukishalijua hilo ni vigumu kulisahau, lakini pumzi ile ingenishika hata kama angeishi hadi uzeeni.

Skeeter Davis kwa msikilizaji wa Kenya hahitaji utambulisho. Tuliokua na redio ya taifa tunamjua kutoka kipindi cha Sundowner cha KBC, na nyumba nyingi zilikuwa na sauti yake na ya Jim Reeves kabla hazijawa na televisheni. Wimbo wake wa “The End of the World”, uliotoka mwishoni mwa 1962, tumeuzoea hata hatuusikilizi tena. Naomba mrudi kwake. Maneno yake ni ya Sylvia Dee, aliyechota katika huzuni ya kufiwa na baba yake, na kwangu hapo ndipo penye siri ya wimbo: unapigwa kama wimbo wa kuachwa na mpenzi, ila mshangao uliomo ni wa msiba. Mbona jua bado linawaka? Mbona ndege wanaimba? Sauti mbili zinazosikika zote ni za Skeeter, zimerekodiwa moja juu ya nyingine, kwa hiyo hata anapopata mtu wa kumwitikia ni yeye mwenyewe. Karibu na mwisho anaacha kuimba, anasema tu. Hasemi kwa uchungu wa kuigiza. Anauliza kama mtoto.

Bobbie Gentry ndiye ninayempigania zaidi. “Ode to Billie Joe” ya mwaka 1967 ilikuwa sauti yake na gitaa lake, kisha mpangaji wa muziki Jimmie Haskell akaongeza fidla chache na chelo. Hadithi yenyewe ni ya familia ya Mississippi iliyo mezani mchana. Kuna taarifa kwamba kijana mmoja wanayemfahamu amejirusha kutoka darajani. Wanaizungumza huku wakipitishiana chakula, baba anaomba mkate, maisha ya shamba yanaendelea, na binti anayesimulia hatuambii lolote kuhusu moyo wake. Mama yake tu ndiye anayegundua kwamba hali chakula. Sasa sikilizeni chelo. Zinajua. Zinanguruma chini ya meza ile kwa yote ambayo binti ameyameza, na mwishoni kabisa fidla zinashuka, zinashuka, kama kitu kinachoanguka majini. Mpangaji mwingine angemwaga okestra nzima hapo. Haskell alitumia vyombo vichache, akaviacha vikae kimya sehemu kubwa ya wimbo, na kila vinaporudi mwili unasisimka.

Kwa wale mliolelewa na taarabu ya Unguja, ile ya vikundi vya Nadi Ikhwan Safaa na Culture, hili halitakuwa geni. Fidla kumjibu mwimbaji, kumalizia alipokomea, mmelisikia tangu utotoni. Nadhani ndiyo sababu masikio ya pwani huuelewa haraka muziki huu hata pale Kiingereza cha Kusini mwa Marekani kinapoteleza.

“Wichita Lineman” ya Glen Campbell, 1968, haikurekodiwa Nashville bali Los Angeles, na mtunzi wake Jimmy Webb alikuwa bado kijana mdogo. Ni fundi wa nyaya aliye peke yake barabarani, akimwaza mtu. Basi. Fidla zimepandishwa juu, nyembamba, zinavuma kama waya wenyewe wakati wa upepo, na kuna mdundo wa haraka unaodondoka kama ishara za telegrafu ya zamani. Webb aliutoa wimbo akiamini haujaisha, bado ubeti. Campbell akaziba pengo kwa gitaa la besi zito, akipiga muziki wa beti neno kwa neno bila kuimba. Nashukuru ule ubeti haukuandikwa, maana fundi huyu ameshasema mengi kuliko alivyokusudia.

Kuna wimbo mmoja ambao siwezi kuuweka kazini au garini: “He Stopped Loving Her Today” wa George Jones, mwaka 1980, mtayarishaji Billy Sherrill. Jones mwenyewe hakuamini kuwa kuna mtu angeununua wimbo wa huzuni kiasi kile. Mwanamume aliahidi kumpenda mwanamke hadi kufa, na ametimiza. Ndivyo alivyoacha kumpenda. Jambo hilo linatajwa kwa utulivu wa karani anayesoma taarifa, na baada yake fidla zinapanda ngazi kwa ngazi, juu kabisa, na sauti ya mwanamke isiyo na maneno ikipanda pamoja nazo. Wanaosema Sherrill alizidisha mapambo wauzime wimbo kabla ya hapo, waone kama wamebaki na kitu kamili.

Jim Reeves nampitia kwa haraka, maana nyimbo zake nyingi tunazozijua hazina okestra kubwa. Ila “Distant Drums” ina historia ya pekee: Reeves alifariki katika ajali ya ndege Julai 1964, okestra ikaongezwa juu ya sauti aliyoiacha kwenye utepe, na mwaka 1966 wimbo ukashika nambari moja Uingereza. Wapiga fidla wale walikuwa wakimsindikiza marehemu.

Na kama bado una shaka kwamba fidla zinaweza kumfaa mwimbaji wa kantri halisi, chukua Ray Price. Weka kwanza “Crazy Arms” ya 1956, kantri ya baa, fidla moja ya kijijini na stili gitaa. Kisha weka “For the Good Times” ya 1970, wimbo wa Kris Kristofferson, ambapo amezungukwa na okestra tele. Wapenzi wake wa zamani walikuwa wameshamkasirikia miaka mitatu nyuma, alipoimba “Danny Boy” na okestra. Kwenye “Crazy Arms” anamlilia mwanamke ambaye sasa ni wa mtu mwingine. Kwenye ule wa pili amekubali kwamba penzi limekwisha, anaomba usiku mmoja tu wa mwisho, na hapandishi sauti hata mara moja.