Ati Daktari wa Watetemekao!

Jumapili iliyopita, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, kahawa ikiwa raundi ya pili, mzee mmoja alimuuliza mpwa wangu anakwenda kusomea nini tena, maana udaktari si ameshaupata? Kijana akajibu kwa adabu zake zote: magonjwa ya mishipa ya fahamu, na ndani yake yale ya mwendo na mtetemo. Mzee akatua kikombe. "Miaka yote hiyo, mwanangu, uje uwe daktari wa watetemekao?" Baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona ambaye hakucheka. Baba mdogo alikuwa pembeni, mkono wa kulia ameubana chini ya paja usionekane.

Baba mdogo ni fundi cherehani tangu mie sijazaliwa. Daftari lake la vipimo ninalijua kama kiganja changu. Kurasa za 2012 zina herufi za kujidai: kifua, bega, urefu, jina la mteja limepigiwa mstari. Kufika 2017 kila mstari unaanza vizuri, halafu unasinyaa ukielekea mwisho. Kurasa za 2019 ni sisimizi watupu. Tukamwambia anunue miwani. Akanunua. Mguu ukaanza kuburuta kwenye pedali, uso ukapoa, mama mdogo akawa analalamika kwamba amenuniwa ndani ya nyumba yake bila kosa.

Miaka minne tumezunguka. Presha, neva, sindano za vitamini, mganga mmoja njia ya Muheza aliyetaka mbuzi mweusi asiye na doa (mbuzi alipatikana, nafuu haikupatikana). Zahanati moja, sitaitaja, wakampa sinarizini ya kizunguzungu, akaimeza miezi na miezi. Dawa hiyo ikikaa mwilini mwa mzee muda mrefu inaweza yenyewe kuleta kukakamaa na kutetemeka, au kuzidisha vilivyokuwepo. Yaani tulikuwa tunazima moto kwa mafuta ya taa, na risiti tunapewa.

Kisha ikaja kambi ya madaktari bingwa. Alikuwemo daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, binti mdogo tu, na mie moyoni nikasema huyu naye atatuagizia kipimo cha laki mbili. Hakuagiza kitu. Alikuwa ameshaanza kazi tangu tunaingia mlangoni: alimtazama mzee anavyotembea, mkono mmoja unabembea, mwingine umeganda ubavuni. Akamwambia ageuke. Mtu mzima hugeuka kwa hatua moja mbili, yeye alichukua saba, vijihatua vya kuku. "Baba, gonganisha gumba na kidole cha shahada, haraka, upana kabisa." Vidole vikaanza vizuri, vikapungua, vikapungua, vikasimama. Kama yale maandishi! Kisha akautazama mkono ukiwa umelala pajani, unatetemeka kama unaosokota kidonge, na akampa kikombe cha maji. Mkono uliponyanyuka, mtetemo ukatulia. Kumbe hapo ndipo penyewe: wapo wanaotetemeka mkono ukipumzika, na wapo wanaotetemeka wakiinua kikombe. Hayo ni maradhi mawili; ya baba mdogo ni yale ya kwanza, yaitwayo Parkinson, na dawa ya hawa haiwafai wale.

Huo ndio ujuzi ambao baraza limeucheka. Hakuna kipimo cha damu cha kumwambia daktari kwamba mtu fulani ana Parkinson. Picha ya kichwa ya kawaida mara nyingi hutoka safi, ukarudishwa nyumbani na "mzee hana tatizo". Kinachobaki ni jicho lililofunzwa, na muda. James Parkinson mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa umepewa jina lake, kule London mwaka 1817, aliandika kijitabu chake kwa wagonjwa sita, na baadhi yao alikutana nao barabarani tu! Aliwaona. Sisi tunawaona kila siku sokoni, tunasema uzee, tunasema amerogwa, tunasema kiharusi, tunapita. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba kule Hai, Kilimanjaro, waliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Msiniambie huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: hela si nyingi, na njia ni ndefu mno. Miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, halafu ubobezi, halafu ubobezi ndani ya ubobezi, na huo wa mwisho aghalabu unautafuta ughaibuni. Ile tiba ya kutia nyaya ndani ya ubongo kutuliza mtetemo, aliyoianzisha daktari Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, tuiache kwanza, hapa hata vidonge huadimika. Na tena kambi zenyewe, kama tunavyosema Tanga, waja leo waondoka leo.

Lakini vidonge! Levodopa, mara tatu kwa siku, mbali na chakula kizito cha nyama na maharage maana hugombea njia moja kuingia. Nusu saa baada ya kumeza unamwona mzee anarudi mwilini mwake. Na hii ndiyo iliyonichekesha: levodopa imo pia kwenye mbegu za upupu. Upupu huu huu, tuliokuwa tunampakazia mwalimu wa hesabu kwenye kiti! Msiende kuchuma, jamani, kiasi kilichomo mbegu hii si kilichomo ile, na baba mdogo bado ananunua duka la dawa.

Jioni ile, baraza lilipotawanyika, kijana alimfuata baba mdogo, babu yake kwa haki, akamwomba daftari la vipimo aende nalo chuoni akawaonyeshe wenzake. Mzee akautoa mkono chini ya paja, ukatetemeka utakavyo, akalikumbatia daftari kifuani.

"Daftari sikupi. Mule mna madeni ya watu."

Kijana akapiga picha kurasa, moja moja, kuanzia 2012.