Kidole Changu na Kobe Aitwaye Kufuli

Daktari wa wanyama aliponikabidhi dawa, mabomba ya sindano na maelekezo ya kurasa mbili, aliniuliza kama nyumbani kuna mtu wa kunisaidia, nami nikamjibu, kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kushindana na kobe, kwamba nitamudu peke yangu. Alinitazama kidogo, akaandika kitu kwenye faili. Hadi leo ningependa kujua aliandika nini.

Kobe mwenyewe nilimchukua kwa mtu aliyekuwa akihama, ambaye kwa miaka kadhaa alimweka ndani ya tangi la kioo lisilo na taa ya kumfaa, akimlisha majani ya saladi na si kitu kingine. Ni wa jamii ya kobe sanduku, wenye asili ya Amerika ya Kaskazini. Gamba lao la chini lina bawaba, kwa hiyo wakiingiwa na hofu huvuta kichwa na miguu ndani, kisha hulipandisha gamba hilo mbele na nyuma mpaka usipatikane hata upenyo wa kupitisha unyasi. Habari hiyo niliisoma kwa furaha siku ya kwanza, nikampa jina la Kufuli, nikajiona mchekeshaji.

Alifika kwangu akiwa hoi. Macho yote mawili yalikuwa yamevimba yakaziba, pua ilitoa mapovu, na nyuma ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa punje ya njegere, uliomfanya aonekane kama mtu aliyeficha pipi shavuni asiombwe. Daktari alisema chanzo kikubwa kilikuwa upungufu wa vitamini A, ambao huharibu utando wa macho, wa masikio na wa njia ya hewa, kisha vijidudu vikapata pa kuingilia. Uvimbe ule ulikuwa jipu la sikio, na kwa kuwa usaha wa kobe hauwi majimaji kama wetu bali huganda ukawa mgumu kama jibini, hapakuwa na dawa ya kuuyeyusha. Alimlaza usingizi, akapasua, akatoa donge zima, akanionyesha kwa fahari ambayo sikuweza kuishiriki kwa sababu nilikuwa nimetoka kula muda si mrefu.

Nilibaki na kazi tatu: sindano ya antibiotiki kila baada ya siku tatu, kumwogesha kila siku katika maji ya uvuguvugu yasiyovuka kidevu chake, na kupeleka kinyesi kisichokauka ili kichunguzwe kwa hadubini kama kina vimelea. Kazi ya tatu niliidharau kuliko zote. Siku ya nane ilipofika, kichupa nilichopewa kilikuwa bado kinang'aa kama kilivyotoka kiwandani, na mimi nilikuwa nimegeuka mtu anayeamka alfajiri na tochi kwenda kupekua matandazo ya kobe, akarudi mikono mitupu na kinyongo moyoni.

Sasa turudi kwenye sindano. Kwa kobe hupigwa mguu wa mbele, kwa sababu damu inayotoka sehemu ya nyuma ya mwili inaweza kupita kwanza kwenye figo, na dawa ikapungua nguvu kabla haijafanya kazi. Sababu hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mguu huo uko nyuma ya mlango, na mwenye mlango ndiye anayedungwa.

Jioni hiyo nilitandika taulo sakafuni, nikaandaa beseni la maji kwa ajili ya kuoga baadaye, nikajaza dawa, nikamwekea Kufuli nyungunyungu mbele ya pua. Tulikaa hivyo kwa nusu saa. Hatimaye harufu ilimshinda, akachomoza kichwa, kisha mguu wa kushoto, nami nikaudaka kwa kidole gumba na cha shahada kama mwizi wa mifukoni. Akaurudisha ndani kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mgonjwa. Kidole cha shahada kikaufuata, na mlango ukafungwa.

Si uchungu wa kuumwa. Ni uchungu wa kubanwa na droo inayozidi kusukumwa taratibu na mtu asiye na haraka yoyote. Nilijua nisivute, maana ningemwumiza yeye na kujichuna mwenyewe. Bomba la sindano lilikuwa mkono wa kulia, wazi, na kulifunika kulihitaji mkono wa pili, ambao kwa wakati huo ulikuwa wa Kufuli. Kwa hiyo nikatambaa kwa magoti kuelekea beseni, mkono mmoja chini na kobe wake, mwingine juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, nikamtumbukiza ndani ya maji nikitumaini kwamba joto litamlegeza.

Katika hali hiyo ndipo jirani yangu, mama wa makamo, alipobisha hodi na kuingia kabla sijajibu.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa adabu haina likizo.

"Marahaba, mwanangu." Akatazama sindano, akatazama beseni. "Huyo umemshika, au amekushika?"

Nilimweleza kwamba ni matibabu. Akauliza ni nani kati yetu anayetibiwa. Nilikuwa ninatafuta jibu lenye heshima ndipo nikahisi maji yamebadilika, na nilipoangalia nikaona, kikielea taratibu kando ya kifundo changu cha mkono, kile nilichokisubiri kwa siku nane.

"Amekunya!" nikapiga kelele. "Mama, amekunya! Kichupa! Kiko kwenye rafu! Na kijiko chake!"

Sijui ni furaha ya namna gani aliyoiona usoni mwangu, lakini alinyoosha mkono akaleta kichupa bila kuuliza neno, akakiweka sakafuni umbali wa hatua mbili kutoka kwangu, akarudi mlangoni kwa kinyumenyume. Alipoondoka hakusema alikuwa amefuata nini.

Kufuli, akiwa amepunguza mzigo, akalegea. Mlango ukafunguka kiasi cha unene wa sarafu, nikatoa kidole kilichobadilika rangi na kupata mstari mzuri ulionyooka kama umepigwa rula. Nikafunika sindano, nikachota kielelezo, nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, kwani hata kobe mzima wa afya anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoweza kumharisha mtu, kisha nikampigia daktari simu kumpa habari njema.

"Hongera," akasema. "Na sindano je?"

Niligeuka. Kufuli alikuwa amekaa katika maji machafu, shingo imenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu jicho lake la kulia lilikuwa wazi, jekundu, likinitazama. Nikaliinua bomba la sindano taratibu sana. Jicho likalifuata. Kisha mlango ukafungwa.