Ugali si adui, tatizo ni kukoboa
Kuna mwandishi wa makala anasema ugali "hauna kitu, ni kujaza tumbo tu". Hapo sikubaliani naye kabisa. Wanga wake humeng'enywa ukawa glukosi, sukari inayoupa mwili nishati, na ubongo peke yake hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli, ikizidi inageuka mafuta.

Angalieni mashineni. Tukikoboa mahindi tupate sembe nyeupe pee, kiini na sehemu kubwa ya vitamini B1 vinabaki kwenye pumba, tunawapa kuku! Na bila B1 mwili hauwezi kuitumia hiyo glukosi ipasavyo. Jamani, wapikieni watoto dona. Sageni kidogo kidogo tu, maana mafuta ya kiini huchacha mapema.