Haki ya kuzima simu baada ya kazi

Makala yenu kuhusu uongozi yamesema vyema kwamba viongozi wa siku hizi hupimwa kwa namna wanavyowasikiliza walio chini yao, lakini hayakugusa suala la muda wa mapumziko, ambalo sisi wa uwakala wa forodha hapa Mombasa tunaishi nalo. Bandari hailali, nalijua hilo. Hata hivyo, meneja wetu wa zamani alikuwa akituma maagizo kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, wengine tukiwa bado kwenye feri ya Likoni, na asiyejibu alikaripiwa asubuhi mbele ya wenzake. Meneja wa sasa ameweka zamu: mmoja hubaki na simu ya ofisi, wengine hupumzika, na makontena yanatoka kama kawaida. Ufaransa ina sheria ya haki hii ya kuzima simu baada ya kazi tangu 2017. Kwetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, lakini jioni zake imeziacha wazi; nawaomba maseneta wetu wa Pwani walisimamie jambo hili hadi liwe sheria.