Kilo 98 zilivyoipiga kilo 1240

Najua kuna habari inazunguka kwenye magrupu ya hapa Newala kwamba mimi, karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, nimempa zawadi baba mkwe wangu. Bodaboda aliyeisambaza namjua, na hela yangu ya mafuta anayodaiwa anaijua. Mzee wa watu hana hata binti. Ana mikorosho michache nyuma ya nyumba, basi.

Mkutano mkuu, mgeni rasmi keshakaa, umeme ukakatika. Kompyuta ya ofisi bila waya haiwaki. Mwenyekiti akashika maiki: "Msihofu, karani wetu ana kila kitu kwenye simu."

Kweli ninacho. Kila gunia lililopimwa ghalani misimu yote hii, maelfu ya mistari, ndani ya simu ya RAM GB 2 ambayo hata picha moja huifungua kwa kuvuta pumzi. Nikaiamuru ipange jumla za wakulima, kubwa juu, ili wa kwanza apewe zawadi.

Kiduara kikaanza kuzunguka. Faili lenyewe ukiligusa tu linahesabu upya jumla ya kila mkulima, kuanzia gunia la kwanza. Simu ikapata moto. Akina mama wakaimba wimbo, wakamaliza. Wakaanza mwingine. Mgeni rasmi akatazama saa, akanitazama mimi, akarudi kwenye saa. Kioo kikaandika: programu haijibu, funga au subiri? (Wadau wa simu za mkopo, hapo mnanielewa.) Nikabonyeza subiri. Jasho likadondokea kioo, kikajibonyeza chenyewe sijui wapi. Wimbo wa tatu.

Mara orodha hiyo! Kwa furaha nikalisoma jina la juu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Vigelegele. Mzee akasimama, akageuka nyuma kuona anayeitwa ni nani. "Ni wewe babu, njoo!" Akaja. Zawadi yenyewe, bomba la injini la kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ikapandishwa mgongoni, picha na mgeni rasmi zikapigwa. Ndipo nikamalizia mstari, maiki mdomoni: "...kwa kilo tisini na nane."

Ukumbi kimya. Wa pili ana 970. Mwenye 1240 nikamkuta huko chini, chini ya bibi wa kilo 13! Kumbe aliyetutengenezea faili alibandika neno "kilo" pembeni ya kila jumla, eti ipendeze. Ikishaingia herufi, simu haioni tena namba. Inapanga kama majina, tarakimu ya kwanza kwanza, na 9 inaipiga 1.

Mwenyekiti akamsogelea mzee. "Shikamoo babu, imetokea hitilafu kidogo..."

"Marahaba mwanangu." Akavuta kamba, injini ikanguruma. Hatukusikilizana tena.

Mgeni rasmi kasema zawadi hainyang'anywi. Mshindi mwenyewe kaahidiwa bomba la msimu ujao. Jana kanipigia kuuliza hiyo ahadi ina kilo ngapi.