Futi 400 za Texas

Hivi jamani, waliotunga sheria za droni Texas waliwahi kurusha hata tiara?

Sikilizeni. Sheria ya jimbo inasema usipitishe droni chini ya futi 400 juu ya uwanja wa michezo wenye viti 30,000 au zaidi. Haikutaja mechi. Uwanja uwe mtupu, mzee mmoja anamwagilia nyasi, ni kosa vilevile. Haya, basi nipande zaidi ya futi 400? FAA, mamlaka ya anga ya serikali kuu, wanakujibu: mwisho wako futi 400. Huyu anakataza kushuka, yule anakataza kupanda! Kichochoro kipo: mwenye leseni ya Part 107, ile ya FAA ya kurusha droni kikazi, anaweza kupanda hadi futi 400 juu ya kilele cha jengo, akikaa karibu nalo. Au uombe kibali cha mwenye uwanja, uone atakavyokuzungusha. Ukikaidi, jela hadi siku 180, na faini hadi dola 2,000.

Na hayo ni mepesi. Balaa ni besiboli.

Timu ya ligi kuu ikicheza, FAA wanafunga anga maili 3 za baharini kila upande, yaani kilomita 5 na nusu, hadi futi 3,000, kuanzia saa moja kabla ya mchezo mpaka saa moja baada ya kwisha. Kwisha lini sasa? Soka ina dakika 90 na refa ana saa mkononi. Besiboli wakifungana sare wanaongeza awamu, sare tena wanaongeza nyingine. Na nyumbani wanacheza mara 81 kwa msimu.

Sasa ukumbi wa harusi uko kilomita 4 kutoka uwanjani. Jua linazama, bibi harusi kashashuka garini, betri tatu zimejaa, kamati inauliza, "Mtu wa droni vipi?" Mtu wa droni kainamia simu, anaombea timu asiyoijua hata rangi ya jezi ifungwe haraka. Paa la uwanja hata likifungwa, hakuna msamaha.

Tena tangazo lenyewe la FAA ni moja la kudumu, halitaji mechi wala saa. Ratiba utafute mwenyewe, kabla hujapokea advansi: besiboli, futiboli ya Kimarekani ya kulipwa, ya vyuo vya daraja la kwanza, na mbio kubwa za magari. Kikapu hakimo, Mungu awabariki.

Zamani droni za DJI, kampuni ya Kichina, zilikuwa zinagoma zenyewe kuruka sehemu kama hizo. Tangu Januari 2025, kwa Marekani, kizuizi kimeondolewa: inakuonya, unabonyeza kukubali, inaruka. Inakuachia hivyo, huku kila sekunde inatangaza hewani namba yake, mahali ilipo, na uliposimama wewe na rimoti yako. Askari anahitaji simu tu. Faini ya FAA inafika dola 75,000. Kwa pesa hizo unaoa wewe.

Halafu shangazi wa bwana harusi anakusogelea na sahani ya pilau. "Mwanangu, si uirushe kidogo tu, nani atakuona?"

Itanisema yenyewe, shangazi.