Mbwa wa kituo hatoki na kizazi chake

Lawama dhidi ya vituo vya kuokoa wanyama ni zilezile, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa. Mbwa kaokotwa jalalani, kwa nini nimlipie? Na nikishalipa, kwa nini nipewe aliyehasiwa, nami namtaka wa ulinzi, pengine na watoto wawili watatu wa kuuza?

Hoja ya ada hujibika kwa hesabu ya matumizi. Mbwa akiingia hupewa dawa ya minyoo, huogeshwa dawa ya kupe, huchanjwa, kisha hutengwa kwa takriban siku 14, kwa kuwa parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua mbwa, hujificha hadi wiki mbili kabla ya kutapika na kuharisha damu. Kituo kikiharakisha, kirusi hubaki bandani kwa miezi. Jiki hukiua kwenye saruji iliyosuguliwa kwanza. Kwenye sakafu ya udongo haifui dafu. Ongeza upasuaji, nyuzi na dawa ya maumivu. Ada ya kawaida haifikii gharama hiyo. Pengo huzibwa na wafadhili.

Suala la kizazi ndilo lisiloeleweka. Wataalamu wa kichaa cha mbwa hulenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa hicho ifikapo 2030. Asilimia hiyo huyeyuka haraka. Chukulia mtaa wa mbwa 1,000, waliochanjwa 700. Majike 100 wakizaa watoto sita kila mmoja, na nusu ya watoto wafe, mtaa umepata mbwa wapya 300 wasio na chanjo. Hata asipokufa hata mmoja wa waliochanjwa, kiwango kimeshuka hadi kama asilimia 54, na huo ni uzao mmoja tu. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na jike hupata joto, yaani msimu wa kupandwa, karibu kila miezi sita au saba. Kumtoa jike kizazi hakumkingi na kichaa. Chanjo ndiyo kinga. Upasuaji huifanya kazi ya wachanjaji isianze upya kila msimu.

Kuhusu ulinzi, hofu imezidishwa. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kukojolea kila nguzo na kupigania majike. Kubweka mgeni akigusa geti kunabaki palepale. Mbwa halindi kwa korodani.

Kwa nini basi kituo kisimtoe mbwa kwa ahadi ya kumrudisha kwa upasuaji? Kwa sababu ahadi husahaulika, na joto la kwanza huweza kuja akiwa na miezi sita. Afadhali atoke tayari, mwenye nyumba abakiwe na kazi ndogo: kumvalisha kola ya koni shingoni asilambe kidonda, kumzuia kurukaruka, na kumrudisha kutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14. Wanaopuuza kola ndio hurudi na kidonda kilichofumuka.

Ila wakosoaji wana hoja moja nzito, nayo vituo huikwepa: sharti kwamba anayechukua mnyama awe na ukuta na geti. Mpangaji wa vyumba viwili Tandale, Dar es Salaam, anaweza kumtunza paka vizuri kuliko mwenye jumba anayemfunga mbwa mnyororo mchana kutwa. Kila anayekataliwa kwa sababu hiyo huacha kizimba kimejaa, na mnyama anayefuata hukosa nafasi. Maswali ya maana ni mepesi: atalala wapi, nani atamlisha ukisafiri, utampeleka wapi kwa chanjo ya mwaka? Ada nayo ingelipwa kwa awamu bila hasara kubwa. Na kwa vitoto ambavyo daktari bado hajaridhika kuvipasua, amana inayorudishwa siku ya upasuaji hufanya kazi kuliko sahihi kwenye karatasi.